Noti ya Mlangoni

Siku ya tatu ya matanga ya Mwalimu wangu wa muziki, mjini Nizwa, baada ya khitma, bintiye alisimama upande wetu wa wanawake akauliza kama ilivyo dasturi: nani ana kinyongo na baba, amsamehe hapa hapa kabla watu hawajatawanyika. Chumba kizima kikaitika, tumemsamehe, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Nilikitikisa kuonesha nimetosheka, nikampa aliyekuwa akimimina, nikanyamaza. Aliyekaa ubavuni kwangu alinitizama. Na atizame.

Siku zote tatu niliwasikia wakimsifu. Mwalimu hakuwa na mfano, Mwalimu aliwafundisha watoto wa mji wetu wa Ibra muziki wa Wazungu bila ya kuwapotezea dini yao, Mwalimu alikuwa na subira ya ajabu. Yote kweli, sipunguzi hata moja. Lakini wanaomlilia mtu huona upande wake mmoja tu, na mimi ninao wa pili, nimeuhifadhi miaka. Leo nautoa.

Nianze na lile lililokuwa likituchekesha. Mwalimu hakuwa akisifu kitu chake chochote. Gari yake mpya aliiita mkweche. Tende za shamba lake, zilizokuwa zikifuatwa na watu kutoka Sur, aliziweka mbele ya wageni akiomba radhi kuwa ni kokwa tupu. Mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa nilikwenda na mama kumtizama, na mtoto alikuwa mzuri wa kukufanya usite mlangoni. Mwalimu akamfunua uso akasema, haya, mtizameni huyu, mbaya kama babu yake. Mama akaitikia, mbaya kweli, maskini. Sote tukafurahi. Nani katika watu wetu asiyelijua hilo? Kizuri hakitajwi mbele za watu, jicho likakipata.

Wengine tunafanya hivyo kwa mazowea. Yeye alikuwa na sababu, na sababu hiyo sikuipata kwake. Mkewe ndiye aliyenambia siku moja tukichambua mchele. Walikuwa na mtoto wa kiume wa mwanzo, mdogo tu, akipiga kanuni, kile kinanda cha nyuzi, mpaka watu wazima wakiacha kula. Akaja mgeni, akamsifu usiku ule bila hata ya kutamka mashaallah. Homa ikamshika mtoto, na wiki haikwisha wakamzika. Mkewe alisimulia hayo mikono yake ikiendelea kutoa chuya, hakulia. Namwonea uchungu mtoto yule mpaka leo. Nalisema mapema ili mtu asije akanambia kuwa nilikuwa silijui.

Na posa za binti yake je? Ilikuwa tamasha. Watu wa mwanzo walikuja kutoka Nizwa na halwa na heshima zao zote, Mwalimu akawaambia mtoto bado, hajui hata kuchemsha maji. Binti alikuwa akipika biriani ya harusi nzima. Wakaondoka, wakarudi mwezi uliofuata. Mara hiyo ya pili akawapa, akasema mposaji wa kweli harudi nyuma kwa bado moja. Huyo ndiye bintiye aliyesimama matangani, na mume ni yule yule wa halwa.

Mimi nilifika kwake nina miaka kumi na mbili. Alikuwa amekwisha staafu katika bendi ya askari, amerudi Ibra, amegeuza majlisi yake kuwa darasa. Ujana wake alipiga fidla katika taarab Unguja, kisha akasoma Ujerumani, na huko ndiko alikopata ugonjwa wake wa okestra, kama alivyokuwa akiuita mwenyewe. Alinitizama mikono, akanipa selo, fidla kubwa ya kupiga umekaa, iliyonizidi urefu, akanambia nisimwambie mtu naipenda.

Viatu vilipangwa mlangoni kwa ukubwa, vidole vikitizama nje. Aliyekosea alirudi kuvipanga upya huku wenzake wakimngoja. Kabla ya kila adhana alikuwa akituinulia mkono, na pinde zote zikasimama zilipo, hata kama ni katikati ya noti, mpaka jirani yake aliyekuwa imamu, ambaye hakuupenda muziki, akawaleta wajukuu zake wawili wasome. Kiswahili chetu nacho alikisahihisha. Ukisema kitu yangu, selo yako inawekwa chini mpaka useme kitu changu. Taarab darasani aliiita muziki wa kulia pilau, lakini ukimvamia jikoni akikata vitunguu unamkuta anaimba ubeti baada ya ubeti, macho yamemjaa maji, anasingizia vitunguu.

Somo alilolipenda kupita yote ni vipi muziki wa okestra ulivyohama kwao. Alilisimulia kama khabari ya ukoo. Zamani, akisema, muziki wa Wazungu ulikuwa na nyumba. Kuna sauti moja ndiyo kwao; wimbo unatoka asubuhi, unatembea, unagombana na watu, jioni unarudi pale pale, unafunga mlango, watu wanapiga makofi. Kisha karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni wakaja mabwana wenye mapenzi makubwa. Mjerumani mmoja akaandika opera inayoanza kwa sauti zilizobanana, zinataka kutua, naye akazikataza. Akawakalisha watu wakingoja mpaka mwisho kabisa, mtu na mpenzi wake wameshakufa, ndipo zinapotua. Mwengine wa Vienna akaandika simfoni kubwa kubwa, akatia ndani yake kengele za ng'ombe, na bendi ya askari, na nyimbo za kubembelezea watoto, na nyundo, akianzia nyumba hii na kumalizia nyumba nyengine. Mfaransa mmoja akaziachia sauti zielee, haziendi hazirudi. Nyuma yao akaja kijana, naye wa Vienna, aliyeanza kwa kuwaiga, okestra yake kubwa kuliko zao, machozi yake mengi kuliko yao, mpaka siku moja akatizama akaona hapana tena pa kurudi. Akaandika muziki usio na kwao, na watu wakazomea ukumbini.

Vitabu vinasema kijana yule ndiye aliyeivunja nyumba. Hapo Mwalimu alikuwa akikasirika khasa, anasimama, anaisukuma kofia nyuma.

"Hakuvunja yeye. Waliivunja wale wa kabla yake, na waliivunja kwa kuipenda. Huyu kaongeza chumba, huyu kaongeza ghorofa, huyu kapanua dirisha. Adui hakuingia humo hata siku moja."

Sisi tulikuwa wajukuu wa watu waliofunga milango yao Unguja mwaka wa mapinduzi na kuondoka na funguo. Hatukuhitaji kufasiriwa nini maana ya nyumba usiyoirudia. Yeye lakini hakuitaja Unguja kamwe katika somo hilo, na sisi hatukumuuliza.

Alikuwa na kitu chake anachoandika, kwa okestra nzima, na aliandika kwa miaka yote niliyomjua. Akikiita takataka yangu. Mwisho wake okestra inanyamaza yote, inabaki selo peke yake. Selo inapanda polepole inarudi nyumbani, inafika kwenye noti ile ya mwisho kabla ya kwao, nusu ya hatua tu, sikio lote linaivuta iingie. Haiingii. Inasimama pale inafifia mpaka inakwisha. Noti hiyo aliiita noti ya mlangoni, na alinifundisha mimi kuishika. Ukifika mlangoni, akinambia, usiingie. Aliye mkweli katika zama zetu hana mlango wa kuingia. Nimeishika noti ile mpaka bega likafa ganzi. Siku moja nilipoimaliza alitoka uani ghafla, akakaa huko. Mkewe akanikonyeza kuwa bwana anafuta miwani. Aliporudi ndani alinambia viatu vyangu sikuvipanga sawa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa okestra moja ya Maskati ilipokuwa ikitafuta vijana. Walikuwa wakichukua vijana tu, wawalee wenyewe. Ukipita umri umepita. Mimi sikuwa na ndoto nyengine. Baba alikubali kwa shida, kwa sababu Mwalimu alimwambia atanipeleka yeye. Na alinipeleka, kwa mkweche wake unaong'aa. Nilipiga mbele ya Wazungu na Waarabu, nikatoka nikamkuta kwenye gari hajasoma hata gazeti alilolikunjua. Hakuniuliza kitu. Tulipofika Bidbid alisimamisha gari, akaninunulia chai ya maziwa na chapati, akala yangu na yake, na kutoka hapo mpaka Ibra akaimba taarab, na hapakuwa na kitunguu.

Khabari zikaja kuwa sikuchukuliwa. Alichukuliwa kijana mwengine, na nilimsikia siku ile akipiga, na sina haja ya kusema alipigaje. Nilikwenda kwa Mwalimu nikilia. Akanipa maji, akanambia subira yavuta heri, na kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikayameza. Nikasoma ualimu Nizwa, nikaajiriwa kufundisha muziki katika skuli ya wasichana, nikaolewa, nikazaa. Maisha mazuri, alhamdulillahi. Lakini kila nikiona okestra ile kwenye televisheni, wamekaa na nguo zao nyeusi, nilikuwa nikizima.

Miaka zaidi ya kumi ilipita. Walimu wa muziki tukaitwa semina Maskati, na mmoja wa wasemaji akawa Mzungu mzee aliyekuwa katika wale walionisikiliza. Alinikumbuka kabla sijamkumbuka. Akaniuliza kama bado napiga, kisha akanambia, bila ya kujua anachonifanyia, kuwa walinitaka mimi. Walikubaliana wote. Yeye mwenyewe alimpigia simu Mwalimu kumpa habari na kumpongeza, na Mwalimu akamwambia huyo bado, anajifurahisha tu. Wao walikuwa wakimheshimu sana Mwalimu. Wakaheshimu neno lake.

Wacha niseme nilivyokuwa. Nilirudi Nizwa naendesha gari na kumtukana, mtu mzima, mwalimu wa watoto, namtukana mzee wa watu kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Kizuri chajiuza! Kizuri kilijiuza, wanunuzi walikuja na pesa mkononi, yeye ndiye aliyewafukuza mlangoni. Sikwenda Ibra tena. Mkewe alipokufa nilituma rambirambi kwa simu. Na kila Ramadhani nilimwombea Mwalimu umri mrefu, kwa moyo safi kabisa, ili Mungu asimchukue kabla sijakutana naye. Darasani kwangu nikawa nasifu. Mtoto akipiga vizuri nasema umepiga vizuri, mashaallah, mbele ya wenzake, mbele ya mama yake, mbele ya mkaguzi, mpaka mkuu wa skuli akanambia nipunguze kidogo. Sikupunguza.

Basi mwaka huu bintiye akanipigia. Baba yuko kwangu Nizwa, hali si nzuri, anakutaka, na anasema uje na selo. Nikamjibu haya, nakuja. Mume wangu aliniona natia ulimbo kwenye upinde akaniuliza nakwenda harusini. Nikamwambia nakwenda kupokea haki yangu.

Ilikuwa baada ya alasiri. Walimlaza chumba cha mbele, kinachotizama mitende. Amekuwa mdogo, kanzu imemmeza, lakini macho ni yale yale. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanitizama sana, akanambia nimezeeka vibaya. Wallahi kidogo nicheke. Bintiye akatoka kwenda kupika kahawa, nikavuta kiti.

Nilimuuliza hapo hapo, nisije nikalainika. "Mwalimu, yule Mzungu alipokupigia simu, ulimwambia nini?"

Hakujifanya amesahau. "Nilimwambia bado."

"Na nilikuwa bado?"

Akasema nilikuwa tayari tangu mwaka uliotangulia. Kisha yakamtoka mengine, kwa taabu, kwa vipande. Kwamba Mzungu alikuwa akinimiminia sifa kwenye simu, hazishi, na hata mashaallah hajui kuisema. Kwamba alimkumbuka mtoto wake aliyemzika. Ulimi ukajisemea wenyewe. Na kwamba hakudhani neno lile litakuwa la mwisho.

"Nilijua atapiga tena," akasema. "Mtu akitaka kweli si hurudi? Wiki nzima sikuiacha simu, mwanangu. Naingia nayo hata chooni."

Hapo ndipo nilipoona kitu kizima, na hasira zangu zilikuwa hazijapata kuwa kubwa kama wakati ule. Aliniposesha! Okestra ya Maskati ilikuja na halwa yake, naye akawaambia hajui kuchemsha maji, akakaa kibarazani kuwangoja mara ya pili. Mtu aliyesoma kwa Wazungu, aliyelala na vitabu vya wale mabwana wa okestra, aliyejua kila mmoja wao alipenda nini na alikufa na nini, anatufundisha jinsi walivyothubutu kuacha dasturi ya mamia ya miaka, na yeye dasturi moja ya ulimi hakuweza kuiacha kwa dakika moja, kwenye simu, kwa ajili yangu.

"Mzungu haposi mara mbili, Mwalimu," nikamwambia. "Hilo ulilijua. Na ulipoona kimya, ungepiga wewe."

"Ningepiga mimi?" Alishangaa kweli. "Wa mke ndio waende kwa wa mume?"

Nikatoa selo, nikaitia sauti sawa. Yeye akafumba macho. Akasema nimpigie mwisho wa ile takataka yake, selo peke yake. Akasema ameufikiria mwisho ule huku amelala, na kwamba wale wa Vienna walikuwa vijana walipoandika mambo yao, wana afya, mtu mzima mwenye afya anaweza kulala nje. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka leo iingie ndani. Noti ile moja ya mwisho tu, niipige, aisikie imefika kwao.

Nikapiga. Sitajinyima: nilipiga vizuri, nilipiga kama ningelipiga Maskati ukumbi umejaa. Nilipanda pole pole kama alivyonifundisha, kila hatua kwa uzito wake, nikafika mlangoni. Nikaishika. Alinyanyua mkono kutoka kwenye shuka, ule mkono wake wa kusimamisha pinde kabla ya adhana, ila sasa kiganja kimefunuka, unangoja. Kidole changu kilikuwa na nusu ya upana wake tu kusogea. Sikio langu lenyewe lilikuwa likilia iingie. Noti ikafifia, ikafifia, mpaka tukasikia kiyoyozi.

Nikainua upinde.

"Bado, Mwalimu," nikasema.

Alifumbua macho. Hakukasirika. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kwa hasira zake, au machozi, chochote, lakini aliitikia kwa kichwa pole pole kama mtu aliyepewa jibu analolijua, jibu la heshima, la kwao. Nikaiweka selo kwenye sanduku lake, nikafunga kifungo cha kwanza na cha pili. Mkono wake haukushuka. Nilikuwa nimekwisha fika mlangoni, navaa viatu, aliposema tena, kwa sauti ya mtu anayejua kuwa mara ya pili ndiyo inayojibiwa: "Ingia, mwanangu."

Nilimsikia vizuri. Nikatoka.